Mawe Kikapuni: Maisha ya Bi Hinda wa Warrabilla

Alizaliwa Hinda binti Zelman katika mji mdogo wa Shadova, nchi ya Lithuania, majira ya baridi ya mwaka 1851, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha na mkunga akiwa amepotea njia. Mama yake alijifungua peke yake, akamfunga kitovu kwa uzi wa mshumaa, kwa kuwa Zelman, mumewe, alikuwa mtengeneza mishumaa na nyuzi ndizo zilizokuwa karibu. Wapenda kusimulia maisha ya wateule wa Mungu husema kwamba watoto wa namna hii huzaliwa kimya, nyumba ikajaa nuru. Hinda alizaliwa akilia, akaendelea kulia mpaka theluji ilipoyeyuka, na majirani wakamlaani kwa sauti ya chini kama watu wastaarabu. Nuru, kama ilikuwapo, ilikuwa ya mishumaa ya baba yake.

Zelman alifariki Hinda angali mdogo, na mkono wa nyumba ile ukakatika. Mwaka huohuo, kabla ya mfungo wa Siku ya Upatanisho, mkusanya sadaka wa sinagogi aliingia uani na kuku mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema, mwenye haraka, na Mungu alimpa koo la ng'ombe. Aliita kwa sauti iliyofungua madirisha yote: mjane wa Zelman, njoo uchukue kuku wako wa sadaka. Mama alitoka, akapokea, akashukuru. Alimpeleka kuku kwa mchinjaji, akampika, akawalisha wanawe mpaka wakashiba, na yeye mwenyewe akaingia katika mfungo na maji matupu tumboni. Hinda alimuuliza kwa nini hali, na mama akamjibu maneno ambayo binti aliyabeba maisha yake yote kama wengine wabebavyo hirizi: "Kuku huyu ana sauti, mwanangu. Nikimla, atawika tumboni."

Alipokua aliolewa na Getzel Rudin, mchuuzi wa vitambaa, mtu mpole aliyependa mizaha kuliko faida. Walivuka bahari mwaka 1876, wakaishi mji wa Adelaide, kusini kabisa mwa dunia, kisha wakafuata habari za madini ya fedha na risasi yaliyochimbwa bara, wakafika Warrabilla mwaka 1887. Huko vumbi lilikuwa jekundu na maji yalikuwa ghali kuliko bia, kwa hiyo Getzel akafungua kiwanda kidogo cha maji ya soda, yasiyo na sukari ila mapovu tu. Mungu hakuwajalia mtoto. Wayahudi wa Warrabilla walikuwa wachache, wachuuzi na wenye maduka waliowauzia wachimba madini, nao walijijengea sinagogi la mabati ambalo mchana wa Januari liliweza kukaanga yai. Nyuma yake palikuwa na stoo isiyo na dirisha hata moja. Hinda alipoiona stoo ile alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaomba apewe ufunguo.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wake. Asubuhi ya kuamkia mfungo, kila nyumba, tajiri na maskini bila kubagua, ilileta kikapu kilichofunikwa. Mtu aliingia stooni peke yake, mlango ukafungwa nyuma yake, na gizani akaweka au akachukua, kisha akatoka na kikapu kilichofunikwa vilevile. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mpokeaji naye ana moyo. Lakini Hinda alijua kwamba macho ya watu hupima uzito. Kikapu chepesi kikiingia kitasema, kikapu chepesi kikitoka kitasema pia. Basi akaagiza mawe. Aliyekuja kuchukua aliingia na mawe ya taka za mgodi, meusi, mazito kuliko ukubwa wake, akayaacha humo na kubeba kuku, unga au mkate. Aliyekuja kutoa aliacha chakula na kutoka na mawe. Wote waliingia wamepinda mgongo, wote walitoka wamepinda mgongo.

Mwanzoni walimcheka. Breina Tabak, mke wa fundi viatu, mwanamke asiyeweza kupita jambo bila kulitia chumvi, alimuuliza kama kweli Bwana Lubelski naye, mwenye duka kubwa kuliko yote na mwenyekiti wa sinagogi, atabeba mawe kama punda. Hinda akamwambia atabeba, kwani mgongo wa mwenyekiti nao umeumbwa kwa udongo. Na kweli Zundel Lubelski alibeba, mwaka baada ya mwaka, akihema na kufuta jasho, na watoto wa Breina walikula kuku asiyewika. Hinda mwenyewe aliingia wa mwisho siku zote. Aliacha kuku wawili na mkate mtamu wa sikukuu, akatoka na mawe yake. Jioni alifagia stoo bila taa, na alipoulizwa kama mawe ya mwaka huu ni mengi au machache alijibu kwamba ufagio wake hauna macho.

Ndipo ulipofika mwaka 1902, mwaka ambao wazee wa Warrabilla wakiutaja hushusha sauti. Ukame ulikuwa umekaa miaka. Kondoo walikufa wakiegemea nyua. Mgodi ulikosa maji ya kusafishia mawe ukafungwa, wachimbaji wakaondoka na familia zao, na wenye maduka wakabaki na milango wazi na hakuna anayeingia. Getzel alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kiwanda cha soda kilikauka pamoja na bwawa la mji. Hinda aliuza mtambo, akauza kitanda cha shaba, akauza shali yake ya harusi kwa mke wa stesheni masta. Kitu kimoja tu hakukiuza: kreti ya mwisho ya maji ya soda ambayo Getzel aliijaza kwa mikono yake, juma lile alilofariki. Aliiweka chini ya meza na kila Ijumaa aliipangusa vumbi. Hakuna mtu aliyejua hali yake. Kwa nje alikuwa bado Bi Hinda mwenye ufunguo.

Katika siku za toba, zile zilizo kati ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi na mfungo, Lubelski alimfuata nyumbani. Hinda alimkaribisha kiti, akaomba radhi kwamba chai imemwishia jana tu, na mwenyekiti, ambaye zamani angetania, safari hii hakutania. Alisema watoto wa mji wamekonda. Alisema wapo watu wanaoficha akiba, naye ana hakika, maana haiwezekani mji mzima ukakosa. "Giza lako, Bi Hinda, linawafunika wachoyo," alimwambia. "Aibu ndiyo ufunguo wa ghala. Nikisimama mimbarini nikasoma nani katoa na nani hana, utaona unga unavyotoka mafichoni."

"Na hao wasio na kitu, utawasoma pia?"

"Nitawasoma ili wasaidiwe. Kuna dhambi gani?"

Masikioni mwake Hinda alimsikia tena yule mkusanya sadaka wa Shadova akiita uani. Alimsihi Lubelski ampe mwaka huu mmoja tu. Wakapatana hivi: Ijumaa ya kuamkia mfungo, baada ya vikapu vyote kupita, Hinda atamwambia mbele ya watu kama stoo imewatosha wote. Ikiwa imetosha, hakuna jina litakalotajwa kamwe. Ikiwa haikutosha, majina yatasomwa jioni hiyohiyo, mkutano mzima ukiwa umesimama katika mavazi meupe ya mfungo.

Kuanzia hapo raha ilimtoka. Aliomba, lakini midomo ilikwenda upande wake na moyo upande wake. Alihesabu nyumba kichwani na kujiuliza ni ipi iliyo na chakula bado, na kila alipofika kwa mwenyekiti alipumua kidogo, kwa kuwa rafu za duka lake zilikuwa zimejaa makasha hadi darini. Kisha alifikia nyumba yake mwenyewe. Nyumbani kwake kulikuwa na kitunguu kimoja na konzi ya shayiri. Alikitoa kitunguu, akakitazama, akakirudisha. Miaka yote ametoa kuku wawili na mkate mtamu. Leo aingie na kitunguu? Mkono utakaokikuta gizani utasema nini? Ni afadhali kutotoa kabisa kuliko kutoa kitu cha kuchekesha. Hivyo ndivyo alivyowaza, yeye aliyewafundisha wengine kutoona haya, na tunaliandika hapa bila kulipamba, kwa sababu watakatifu wasio na kosa hawamsaidii mtu.

Ijumaa ile, tarehe kumi Oktoba, upepo wa vumbi ulivuma tangu alfajiri. Katika nchi ya baba zao sikukuu hizi huja na majani yanayoanguka. Warrabilla huja na nzi. Watu walipanga foleni nyuma ya sinagogi. Hinda alisimama mlangoni na ufunguo kiunoni, roho juu, akitazama mikono. Vikapu viliingia vizito, na moyo wake ukapanda. Vikatoka vizito, ukapanda tena. Mzee Fishel, mchinjaji ambaye pia ndiye aliyeongoza sala, aliingia akiyumba kwa uzito. Breina aliingia, akatoka, na safari hii hakusema neno. Lubelski alibeba kikapu kikubwa kuliko vyote, mishipa ya shingo imemsimama. Hinda akamshukuru Mungu kimyakimya. Kisha zamu yake ikafika. Chini ya kitambaa chake mlikuwa na mawe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiingia, nayo yalimlemea kuliko miaka yote aliyoyabeba akitoka.

Aliingia, mlango ukafungwa. Alinyoosha mkono juu ya meza ya vyakula akagusa jiwe. Akausogeza, jiwe. Alipapasa meza nzima, akapiga magoti akapapasa sakafu, pembe kwa pembe, akitafuta nyoya, gamba la mkate, mfuko, chochote. Mawe. Mengine yalikuwa bado na joto la viganja vya watu. Kila mmoja aliingia na mawe akitumaini jirani ameleta mkate, hakukuta kitu, akachukua mawe yaleyale au ya mwenzake akatoka nayo mgongo umepinda, na kila mmoja aliyesimama nje sasa aliamini kwamba wengine wamepata na ni yeye peke yake aliyechelewa.

Hinda alikaa chini juu ya mawe, na hapo ndipo lilipomjia jaribu kubwa la maisha yake. Hakuna anayejua, akawaza. Nikitoka nikasema imetosha, nani atanikanusha? Kila mmoja atajiona yeye ndiye mwenye bahati mbaya, na atanyamaza kwa haya. Majina hayatasomwa. Giza langu litabaki, na jina langu pia. Wataingia katika mfungo na njaa, lakini wataingia na heshima. Alikaribia kabisa kulikubali neno hilo. Kisha akamkumbuka mama yake akigawa nyama na kujinyima, na kwa mara ya kwanza alielewa jambo ambalo hakulielewa alipokuwa mtoto: kuku hakuwa na kosa. Mama alikuwa na njaa, na haya ndiyo iliyomfunga mdomo. Na yeye Hinda ameijengea haya hiyohiyo nyumba ya mabati, akaitia kufuli, akaifundisha watu kila mwaka, mpaka mji mzima ukaona ni afadhali kubeba jiwe kuliko kuonekana na kitunguu.

Alipotoka, Lubelski alikuwa amesogea mlangoni. Aliuliza kama walivyopatana: "Haya, Bi Hinda. Imetosha?"

Hinda aliweka kikapu chini mbele ya wote, akaondoa kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kikapu kufunuliwa mahali pale, na watu wakageuza nyuso kama wameona uchi wa mzazi.

"Mawe haya nimeingia nayo mimi," alisema. "Leo sikuja kutoa, nilikuja kuchukua. Nyumbani nina kitunguu kimoja na konzi ya shayiri, na niliona haya kukileta kitunguu. Zundel, kama ni kusoma majina, anza na langu."

Upepo ulivuma.  Hinda akadhani amekosea tena, kwamba amejivua nguo bure katikati ya watu waliovaa. Ndipo Breina Tabak akakitua kikapu chake kwa kishindo na kuvuta kitambaa. "Na mimi," akasema. "Kwangu kuna kichwa cha samaki wa chumvi na kuku mmoja kikongwe, aliyeacha kutaga tangu Pasaka. Nilisema nani atamtaka bibi yule." Mzee Fishel akafunua chake. "Na mimi." Mmoja baada ya mwingine vitambaa vikaondoka, mawe meusi yakatazama jua, mpaka akabaki mwenyekiti peke yake na kikapu kikubwa kuliko vyote. Alikikumbatia kama mtu anayezuia mlango. Hinda hakumtazama, alitazama chini, kumsitiri.

"Na mimi," alisema Lubelski mwishowe, na kitambaa kikamponyoka. "Makasha yale dukani ni matupu. Nayapanga upya kila asubuhi ili mke wangu asijue. Nilidhani mna vitu. Haki ya Mungu, nilidhani ninyi nyote mna vitu."

Breina alimtazama mwenyekiti, akatazama rundo la mawe, na ulimi wake ukarudi kazini. "Mficha uchi hazai, Bwana Lubelski," alisema, "na mficha njaa hali. Sasa twende tukalete huo umaskini wetu tuuone." Watu wakacheka, cheko la watu waliotua mzigo, na wengine walikuwa wakilia humohumo.

Wakaenda, wakarudi mbio. Kila nyumba ilikuwa na kitu kile ambacho haikuona kinafaa kutolewa: nusu kikombe cha unga, karoti zilizonyauka, yai, viazi vilivyochipua, mafuta ya bata chini ya mtungi. Fishel akamchinja kuku kikongwe wa Breina. Wakatoa sufuria kubwa ya sinagogi, ile ya kuchemshia vyombo kabla ya Pasaka, na kwa kuwa figa moja haliinjiki chungu, Lubelski alipiga magoti na suti yake akapanga mawe ya vikapu yakawa mafiga. Likabaki suala la maji, kwani mapipa ya mji yalikuwa tope tupu. Hinda akaenda nyumbani, akaivuta kreti ya Getzel kutoka chini ya meza. Aliipangusa vumbi mara ya mwisho. Akafungua chupa moja moja akazimimina sufuriani, na kila kizibo kilichofyatuka kilimchoma, kwa maana pumzi iliyotoka mle aliiweka mumewe. Wapenda miujiza husimulia hadi leo kwamba supu ile ilianza kutokota kabla moto haujawashwa. Ni kweli, ilitokota. Yalikuwa maji ya soda.

Walikula wote pamoja uani, wakisimama, jua likishuka, wakubwa wakiwasukumia watoto nyama. Wengine huapa kwamba sufuria haikuisha. Iliisha, ilikombwa, na watoto wa Breina waliingiza vichwa ndani. Lakini hakuna aliyeingia katika mfungo ule na maji matupu tumboni, na Hinda naye alikula mpaka akaacha. Jioni Lubelski alisimama mimbarini pale alipokusudia kusoma majina. Hakusoma jina. Fishel alipofika kwenye sala ya maungamo, ambayo Wayahudi huisema kwa nafsi ya wingi tangu kale, tumekosa, tumeficha, tumejivuna, watu waliisema kwa sauti ambayo mabati yaliitikia. Juma lililofuata mwenyekiti alipeleka telegramu kwa ndugu wa Adelaide, akiandika kwamba Warrabilla yote ina njaa, na kabla Sikukuu ya Vibanda haijaisha unga ulifika kwa treni.

Stoo haikufungwa. Hinda aliiendesha miaka mingi zaidi, giza lilelile, vikapu vilevile. Aliongeza sharti moja tu: asiingie mtu na mawe matupu. Juu ya mawe pawe na kitu kinacholiwa, hata kiwe kitunguu, na asiyekuwa na kitunguu agonge mlango wa mwenye ufunguo na kusema kwa mdomo wake. Na kila mwaka, kabla ya kufungua, alisimama mbele ya foleni akawakumbusha kwamba yeye aliwahi kuingia na mawe. Alilisema waziwazi kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa.

Alifariki mwaka 1919, katika Sikukuu ya Vibanda, ndani ya kibanda cha matawi alichojengewa na wana wa Breina. Breina mwenyewe, mzee sasa, alikuwa amemletea supu. Hinda aliionja, akauliza kama nyumba ya pili wamepata, akaambiwa wamepata. Akauliza, "Na wewe?" Breina akasema bado. Hinda akamrudishia bakuli. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na Breina alisema hajawahi kunywa supu ngumu kumeza kama ile.

Mgodi umekwisha, sinagogi limeng'olewa mabati, na watoto wa Warrabilla wametawanyika Adelaide na Melbourne. Lakini kila mwaka, kabla ya sikukuu, wapo wanaosafiri kutwa nzima kwenye vumbi lile kwenda kaburini kwake. Kila msomaji ambaye ametoa miaka mingi akaona ni vigumu kupokea, na kila aliyejificha kwa sababu alichonacho ni kidogo, na amfuate Bi Hinda katika neno lile moja lililosemwa uani, "na mimi". Wageni wale huweka jiwe juu ya kaburi, kama ilivyo desturi ya Wayahudi kwa wafu wao wote. Kwake huweka pia kitunguu kando ya jiwe. Mawe yamerundikana, leo yanamfika mtu magotini. Vitunguu havikai. Ukirudi kesho yake huvikuti, na hakuna anayeuliza nani amevichukua.